Nilivyompeleka Baba Kuiona Mwanza

Wenzangu wa sokoni, tangu nirudi kila mmoja kanikamata kwa wakati wake. Mwingine kanikuta kisimani, mwingine kaacha wateja wake akaja kusimama mbele ya masufuria yangu, na swali ni lile lile: Mama Shija, Mwanza kuna nini? Nimewajibu vipande vipande, na nasikia vipande hivyo vimeshaanza kuota mikia huko vinakozunguka. Sasa kaeni niwaeleze yote mara moja, ili anayetaka kwenda ajue cha kuona, na mwenye mzazi mzee ajue cha kuogopa.

Baba yangu wengi mnamjua, ni yule Mzee Ngassa anayepita hapa Runzewe kila asubuhi na fimbo yake akienda kuwaangalia ng'ombe. Ujanani alifanya kazi Mwanza, kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, akipakia marobota ya kwenda bandarini, kabla hajarudi kuoa na kufuga. Tangu mwaka jana kumbukumbu zake zinakwenda na kurudi. Ya jana hayapo, ila ya ujanani yapo yote pamoja na majina ya watu. Akawa kila jioni anasema jambo moja: anataka kuliona tena lile jiwe la Mwanza lililosimama majini, ambalo yeye na wenzake walikuwa wanakwenda kukaa mbele yake siku za Jumapili. Alilisema mpaka mwanangu Shija, ambaye hajafika hata Geita, akaweza kulichora.

Mimi mwenyewe Mwanza nilikuwa sijafika. Nilikuwa na rafiki huko, Zaituni, ambaye zamani tulipika chakula pamoja kwa wachimbaji kule Nyarugusu. Aliniambia njooni, mtalala kwangu, nitawatembeza kila panapotembelewa. Nikakubali, na kuanzia siku ile niliyokubali sikulala vizuri.

Runzewe hadi Katoro

Tuliondoka alfajiri. Baba alivaa koti lake la kijivu na kofia ya pama, akachukua fimbo, akanikabidhi mfuko wa matobolwa, vile viazi vyetu vilivyochemshwa vikakaushwa, kwa sababu hakuamini kwamba mjini kuna chakula cha kushibisha. Ndani ya gari nilimkalisha dirishani, mimi nikakaa upande wa njia, ili akitaka kutoka lazima ayaruke magoti yangu. Kila gari liliposimama nilimshika koti. Pale Bwanga akanitazama, akaniuliza kama nina homa, maana nilikuwa namng'ang'ania kama mtoto.

Katoro tulishuka kubadili gari. Kaka yangu Masanja, ambaye anauza spea za pikipiki pale, alikuwa anatusubiri stendi na mkewe. Walituletea chai ya maziwa na mihogo ya kukaanga. Masanja alimsalimia baba kwa heshima zote, akamfuta makombo kwenye koti, kisha akanivuta pembeni. Tangu mwanzo hakuitaka safari hii. Alikuwa anasema mtu wa namna ile hazungushwi mijini, anatunzwa nyumbani.

"Minza, sikia," aliniambia. "Likitokea lolote huko, baba harudi Runzewe. Anahamia kwangu, geti linafungwa, na hatutajadili tena."

Nyumba yake naijua. Ni nzuri, ina umeme na maji ya bomba, na ua wake umemwagiwa saruji kote, ukuta juu kuliko kichwa. Hakuna ng'ombe wala njia ya kupita asubuhi. Baba akikaa mle, nilijiambia, hatafika msimu wa mvua. Basi nikapanda basi la Mwanza nikiwa na hofu mbili badala ya moja: nisimpoteze, na akipotea Masanja asijue.

Geita na daraja

Geita basi lilikaa sana kwa ajili ya tairi. Baba akataka kwenda chooni. Nilimsindikiza hadi mlangoni, lakini upande wa wanaume nisingeweza kuingia, nikabaki nje nimeshika fimbo yake kama mlinzi. Watu waliingia wakatoka. Waliomfuata wakatoka, baba hatoki. Konda akaanza kuita abiria, dereva akapiga honi. Nikamsimamisha kijana mmoja mchimbaji, buti zimejaa udongo mwekundu, nikamwomba aingie anitazamie mzee mwenye koti la kijivu. Aliingia, akarudi anatabasamu.

"Yupo, mama. Anasimulia."

Kumbe alikuwa amemkuta mzee anayesafisha choo, Msukuma mwenzake, na walikuwa wamefika mbali katika habari za bei ya pamba ya enzi hizo. Yule kijana ilibidi arudi amshike mkono amtoe. Abiria walituchekea tuliporudi, na mimi nikacheka nao, ila koti lake sikuliachia.

Baada ya Sengerema baba akachangamka. Alinieleza kwamba sasa tunakaribia Busisi, tutashuka kwenye gari, tutasubiri kivuko, na wakati tunasubiri atanunua samaki wa kukaanga anifundishe kumla bila kumeza miiba. Nilimwambia siku hizi kuna daraja. Akasema sawa, kama mtu anavyomkubalia mtoto.

Daraja lenyewe wenzangu, nendeni mkalione. Ni refu hadi unachoka kulitazama, na basi linapanda juu ya maji taratibu huku nguzo zake na nyaya zinapita dirishani. Watu wote walitoa simu. Mama aliyekaa mbele yetu alikuwa anamrekodia mumewe na kumwelezea kama mtangazaji wa mpira. Baba alitazama nje, akaniuliza kivuko kiko wapi. Konda akamjibu kwa furaha kwamba mzee, tuko juu ya ziwa sasa hivi. Baba akashika kiti cha mbele kwa mikono miwili. Hakukiachia mpaka ng'ambo, na huko akasema polepole, kwa Kisukuma, kwamba hatujavuka. Nilimwambia tumevuka, baba. Akatikisa kichwa. Sikumbishia. Nilidhani ni uchovu.

Kwa Zaituni, juu ya mawe

Zaituni alitupokea stendi ya Nyegezi. Ni mwanamke mnene mwenye sauti kubwa, Mrangi wa Kondoa, na nilipomwona nilitamani kumkabidhi baba hapo hapo nikalale. Anaishi kwenye kilima nyuma ya mji, sehemu ambayo nyumba zimejengwa juu ya mawe na mawe mengine yamekaa juu ya nyumba. Sijui yanashikiliwa na nini. Njia ya kwenda kwake ni ngazi zilizopita kati ya mawe hayo, nyembamba, upande mmoja mwamba na upande mwingine paa la jirani. Mimi nilipanda kwa kushikilia ukuta. Baba, mtu wa kufuata ng'ombe milimani, alipanda bila hata kutumia fimbo, akafika juu kabla yetu, na Zaituni akanitania kwamba mgonjwa ni nani kati yenu.

Njiani baba alimsalimia kila mtu. Alisema "Mwadila", akasimama kungoja ajibiwe salamu yote: nyumbani, watoto, mifugo. Watu wa mjini walisema shikamoo mzee huku wakiwa wameshapita. Baba akaniambia kwamba mji huu umeingiliwa na jambo, watu wote wanawahi msiba.

Zaituni alikuwa amepika pilau ya kutusherehekea. Baba aliichambua kwa kijiko, akatoa karafuu moja moja akaziweka pembeni ya sahani, kisha akaomba matobolwa yake. Zaituni hakununa. Alikwenda kusonga ugali. Kutoka mlangoni kwake unaliona ziwa lote na paa za mabati za mji mzima, na watalii, nasikia, hupanda kilima hicho makusudi ili wayaone hayo. Mimi niliutazama mlango wenyewe. Komeo lilikuwa moja na jepesi. Nililaza godoro langu nyuma yake.

Samaki, maduka na jiwe

Kesho yake ilikuwa siku ya kutembea. Mpango wa Zaituni ulikuwa hivi: asubuhi mjini, mchana kwenye jiwe, na siku inayofuata boti ya kwenda kisiwa cha Saanane, ambako kuna wanyama. Saanane sikufika, kwa hiyo wanaoniuliza kama ni kweli kuna simba, msiniulize tena.

Tulianza na mzunguko wa barabara wenye sanamu ya samaki, katikati ya mji, ambapo kila mgeni hupigwa picha. Magari yanamzunguka pande zote. Baba alimpenda yule samaki kuliko nilivyotegemea. Alimtazama mdomo, akamtazama mkia, akatangaza kwamba huyu si wa ziwa hili. Wakati wake, alisema, watu walikula sato, ningu na furu. Mpita njia mmoja akasimama kumbishia, wakabishana vizuri, na kwa mara ya kwanza baba alipata mtu wa mjini asiyewahi msiba. Nilimshika koti muda wote huo.

Kisha Makoroboi, kwenye maduka ya vitambaa. Mwenye macho na afike, hakuna kitenge utakachokitafuta ukakikosa. Zaituni alinikunjulia hiki na kile, nami nikawa nikitazama kitambaa kwa jicho moja, na kwa jingine namtazama baba aliyekaa kwenye ngazi ya duka. Muuzaji aliniuliza kama sijapendezwa. Nilipendezwa, ila sikumbuki hata rangi moja.

Mchana tukashuka ziwani. Pale kuna bustani ndogo, na mbele yake, hatua chache ndani ya maji, ndilo lile Jiwe la Bismarck linalochapishwa kwenye kalenda. Ni mawe makubwa yaliyopandana, na la juu limesimama wima kama mtu aliyeitwa akageuka. Ndege weupe wamelipaka chokaa. Baba alivua kofia. Nikaona midomo yake inatembea, nikajua anahesabu majina.

"Wenzangu wako wapi?" akaniuliza.

Nikamwambia watakuja, baba.

"Na kivuko kinaondoka saa ngapi?"

Swali hilo la kivuko alikuwa ameliuliza tangu asubuhi, kwenye samaki na kwenye maduka, na mimi nilikuwa nimechoka. Nikamwambia kwa haraka kwamba kivuko hakuna tena, kuna daraja. Wakati huo mpiga picha wa pale bustanini alikuwa ametufuata, na Zaituni alishakubaliana naye. Alitupanga, akatuambia baba akae katikati. Halafu akasema upepo unapeperusha kanga yangu, niifunge upya. Niligeuka kuifunga. Zaituni akanisaidia. Tulipogeuka, kati yetu hapakuwa na mtu.

Kumtafuta

Cha kwanza nilitazama majini. Hilo naomba Mungu asimpe mtu mwingine. Nilikimbia hadi kwenye ukingo nikatazama chini, nikaona mawe na chupa na mwani, na maji yanapumua taratibu kama hayajafanya kitu. Wanaume waliokuwa wanaosha pikipiki pale waliniambia hakuna aliyeingia majini, wangemwona. Mmoja wao, bila kuambiwa, alivua viatu akaingia hadi kiunoni akazunguka upande wa nyuma wa mawe kuhakikisha. Alirudi akasema, "Hayupo huku, dada. Mtafute nchi kavu." Simjui jina, lakini namwombea hadi leo.

Tukagawana. Zaituni alirudi Makoroboi, mimi nikapanda bodaboda kwenda kwenye samaki, kwa kuwa alimpenda. Hakuwapo. Nikamwambia dereva anipeleke upande wa bandari ya kusini, kulikokuwa na kile kiwanda cha pamba. Njia nzima niliona makoti ya kijivu. Nilimsimamisha dereva mara tatu kwa ajili ya wazee wasio wangu, na mmoja alinikaripia kwa kumshika mkono. Kule kiwandani mlinzi hakuwa ameona mtu. Nilirudi mjini.

Nilimkuta Zaituni nje ya msikiti mmoja karibu na maduka. Alikuwa amemfuata imamu baada ya swala ya adhuhuri, na imamu alikubali kutangaza. Nilisimama barabarani nikasikia kipaza sauti kikisema kuna mzee amepotea, jina lake Ngassa, mrefu, koti la kijivu, kofia na fimbo, anazungumza Kisukuma. Wenzangu, kwetu mtu anatangazwa hivyo akiwa amefariki. Nikakaa chini pale pale kwenye vumbi, na wanawake waliokuwa wanauza karanga wakanipa maji bila kuniuliza.

Kituo cha polisi tulimkuta askari wa kike. Aliandika sura yake na mavazi yake, kisha akauliza, kwa upole tu, kama mzee ana matatizo ya akili. Nilikuwa sijawahi kulisema jambo hilo mbele ya mtu. Sokoni kwenu nasema amechoka, nasema ni uzee. Pale nilisema, "Anasahau, afande. Anasahau sana." Nikasikia sauti yangu na nikajua ni kweli. Akaniambia nimpigie ndugu mwingine, maana jambo hili si la kubeba peke yangu.

Nikampigia Masanja. Nilitegemea atafoka. Aliniuliza tu lini na wapi, akasema anafunga duka anakuja. Upole ule uliniumiza kuliko matusi.

Nilipokata simu, betri yake ikiwa inakaribia kufa, yule askari aliniuliza kama baba alitaja mahali popote siku ile. Nikaanza kusema hapana, hakutaja. Kisha nikakumbuka kivuko. Alikuwa ametaja tangu asubuhi. Nikamuuliza kama mjini kuna kivuko chochote. Akanitazama kwa mshangao. "Si kipo cha Kamanga," akasema, "pale pale chini, karibu na hilo jiwe." Mimi mtu wa Runzewe nilijua kivuko cha Busisi tu. Kumbe mji una kivuko kingine kinachovuka kwenda upande wa Sengerema, na mageti yake yako umbali wa kutembea kutoka tulipopigwa picha.

Majini

Mkaguzi wa tiketi alimkumbuka mara moja. Alisema mzee alimsalimia kwa Kisukuma akagoma kusogea mpaka ajibiwe salamu yote, foleni ikasimama. Alikuwa katikati ya kundi la akina mama waliotoka sokoni, naye akadhani ni baba yao, wao nao wakadhani ana watu wake mbele. Kivuko hicho kilishavuka kitambo.

Zaituni alibaki ili baba akirudi amkute. Mimi nikasubiri kinachofuata, kisha nikapanda. Nilikuwa sijawahi kupanda chombo cha majini. Nilisimama mbele kabisa penye minyororo ya kuzuia magari, nikashika chuma. Mnaoambiwa kwamba Mwanza huonekana vizuri zaidi ukiwa ziwani, mmeambiwa kweli. Niligeuka mara moja nikaiona yote, vilima na nyumba zilizoning'inia na lile jiwe dogo kama punje, na watu waliokuwa karibu nami walikuwa wanapigana picha. Sikugeuka tena. Nilikuwa nawaza gari. Ng'ambo kuna magari ya kwenda Sengerema, akipanda moja atashuka wapi, na kwa nani? Akilini nilimwona amekaa pembeni ya barabara nisiyoijua, hajui jina langu. Niliwaza: kanisahau. Kasimama mbele ya jiwe, kawakumbuka wenzake wa miaka yote hiyo, na mimi niliyesimama naye kanisahau.

Kamanga

Nilishuka wa kwanza. Kulikuwa na madereva wa bodaboda, nikawauliza wote kwa pamoja. Mmoja akajibu kwa uhakika kwamba ndiyo, mzee mwenye fimbo amepanda gari la Noah la Sengerema, na limeondoka si muda mrefu. Wengine wakaitikia. Nikaingia kwenye gari lililokuwa linajaza, nikamwambia dereva tafadhali twende hata kama hatujajaa. Mlango ulikuwa unafungwa niliposikia mwanamke anaita.

"Wewe wa kanga ya njano! Ndiwe Minza?"

Alikuwa mama wa makamo anayekaanga samaki kwenye kibanda cha mabati, Mzinza, wenyeji wanamwita Mama Leonida. Nyuma yake, kwenye benchi, kivulini, baba alikuwa anakula sato kwa mikono miwili, kofia kaiweka gotini. Miiba ameipanga safi kwenye karatasi. Yule mzee aliyekwenda Sengerema alikuwa mzee mwingine kabisa, mwenye fimbo yake na safari yake.

Nilifika pale sijui kwa miguu gani. Nilipiga magoti nikamshika magoti yake. Baba alinitazama kama mtu aliyechoka kusubiri.

"Umechelewa, Minza."

"Nimechelewa, baba."

"Kaa ule. Ukipotea huwa huli."

Nililia hapo, nikala huku nalia, na baba akawa ananitolea miiba. Mama Leonida alinieleza huku akigeuza samaki zake. Alisema mzee alishuka na watu, akasimama njiani akitazama huku na huku. Makonda walimwita, mmoja akamshika mkono ampandishe gari. Akaung'oa mkono. Akasema hawezi kuondoka, ana mtoto anaitwa Minza, amempotea mjini, na atakaa hapa mpaka apite, kwa sababu anayekwenda kwao ni lazima avuke. Kila kivuko kilipofika alisimama na kutazama wanaoshuka, kisha akakaa. Mama Leonida alimuuliza namba ya simu, hakuwa nayo. Jina la kijiji alilisema, lakini la zamani, ambalo yeye hakulijua. Basi akaamua kumlisha na kuwaita wanawake wote walioshuka wakiwa na uso wa kulia. Mimi nilikuwa wa nne, na yeye alikuwa karibu kukata tamaa, maana nilimpita mbio kuelekea kwenye magari.

Nilimpa shukrani kwa maneno niliyokuwa nayo. Akasema hata yeye ana mama. Akatufungia samaki wengine kwa ajili ya njiani, na baba akampa matobolwa yote yaliyobaki mfukoni mwa koti lake.

Nilimpigia Zaituni na Masanja kwa simu ya dereva. Zaituni alipiga vigelegele hadi dereva akaisogeza simu mbali na sikio. Masanja, ambaye alishafika Geita, alisema, "Haya. Njooni." Basi hilo tu.

Kurudi

Kuvuka tena kwenda mjini sikutaka, na baba kwa mawazo yake alikuwa tayari yuko upande wa nyumbani. Tulikwenda Sengerema tukalala nyumba ya wageni, na Zaituni akatuma mzigo wetu kwa basi hadi kwa Masanja. Asubuhi tukapanda gari la Geita na baadaye Katoro. Baba alisinzia begani kwangu. Mimi nilikuwa napanga maneno ya kumwambia kaka yangu, kila nikiyapanga yanaanguka. Nilijua alichosema kabla hatujaondoka, na kwa kweli, nikikumbuka yale maji pale kwenye jiwe, sikuwa tena na hakika kwamba amekosea.

Nyumbani kwa Masanja tulikuta majirani, maana habari ilishafika. Mkewe alikuwa ametandika kitanda kwenye chumba cha uani, shuka mpya, na pembeni kaweka ndoo na viatu vya plastiki vya saizi ya baba. Nilipoviona vile viatu nilielewa kwamba wameshaamua. Tulikula. Ndipo jirani mmoja akamuuliza baba Mwanza ameionaje.

Baba alinawa mikono, akajifuta, akakaa vizuri.

"Mwanza nimeiona," alisema. "Jiwe lipo, halijasogea. Watu wake wana haraka, na samaki wao ni wa uongo. Ila nilipata tabu na huyu binti." Akanielekezea kidole. "Alinipotea mle mjini. Nilimtafuta, sikumwona. Nikasema, nikizunguka na yeye akizunguka, hatutaonana. Nikavuka, nikakaa pale ambapo mtu wa kwetu lazima apite. Akaja. Alikuwa analia."

Hakuna aliyecheka. Masanja alinitazama, akasubiri niyanyooshe maneno ya baba. Nilifungua mdomo kufanya hivyo, na nikaona hakuna cha kunyoosha.

"Ndivyo ilivyokuwa," nilimwambia.

"Sasa sikilizeni," baba akaendelea, na sauti yake ilikuwa ile ya zamani, ya alipokuwa anatugawia kazi za shamba. "Akitaka kusafiri tena, niambieni. Nitakwenda naye. Asiachwe peke yake."

Masanja aliinamisha kichwa, mkono ukiwa kwenye paji la uso. Mkewe akamgusa bega. Kisha kaka yangu aliinuka, akauchukua mfuko wa baba, akatangulia nao stendi hadi kwenye gari la Runzewe. Tulimfuata taratibu kati ya watu wengi wa mnada wa siku ile, na baba alikuwa amenishika mkono kwa nguvu, nisije nikapotea.